Mama Aliyekalia Mpira

Mara ya kwanza kumwona Mama Sylvanus, alikuwa amekalia mpira.

Ilikuwa Jumapili ya mwaka 2004, kwenye uwanja wa shule kule Mutuka. Nilikuwa nimepeleka baiskeli ya mteja, nikaona watu wamejazana katikati ya uwanja, nikadhani mchezaji ameumia. Kumbe wachezaji wote ishirini na wawili walikuwa wamemzunguka mama mmoja aliyekaa chini, khanga yake ameitandaza vizuri pande zote, na mpira uko chini yake. Refa alikuwa amewanyima Mutuka penalti.

"Mama, tunaomba mpira," refa alisema.

"Uchukue."

Hakuna aliyethubutu. Nani angepeleka mkono chini ya khanga ya mke wa mtu, mchungaji akiwa palepale? Mchungaji mwenyewe aligeuka akaanza kuangalia mahindi ya jirani kana kwamba ameyapanda yeye. Sylvanus, mwanawe mkubwa, alikwenda kusimama nyuma ya vyoo vya shule. Aliyebaki ni binti mmoja aliyembeba mdogo wake mgongoni, amejifunika mtandio mpaka puani.

"Mama, inuka. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Leo hakuna kiingilio."

Mechi haikuisha. Nilirudi mjini bila kumwambia mtu neno, lakini yule binti sikumsahau. Jina lake Josephine. Mwaka uliofuata nilimwoa.

Mimi ni fundi baiskeli, nimesoma mpaka darasa la saba, naishi Singe. Ni mtu wa aibu. Kanisani nikiombwa kusoma matangazo, nakohoa mpaka wampe mwingine. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni nilijua nakwenda kwa nani. Nikamkuta mtu mwingine kabisa.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana sana. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawapandishiani sauti. Mama Sylvanus aliifuata heshima hiyo kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Tukikutana njiani alijifunika kichwa, akasogea kwenye nyasi, akaitikia shikamoo yangu huku akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Marahaba, baba. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Basi, anapita. Jioni ileile nasikia amemmwagia mshika kibendera maji ya kuoshea vyombo. Mke wangu, kwa aibu ya mechi za Jumapili, akawa haendi sokoni siku za Jumatatu. Sylvanus alichaguliwa mzee wa kanisa, akaomba apewe usharika wa mbali.

Tulikwenda hivyo miaka kumi na minane.

Mwaka 2023 kamati ya Kombe la Mbuzi, mashindano ya vijiji vyetu, ilichoka. Ikaandika barua kwamba mechi ya Mutuka ikisimama tena kwa sababu ya mashabiki, timu inafungiwa miaka miwili. Mashabiki wenyewe wote walijua barua inamhusu mtu mmoja. Timu ilikuwa na vijana wazuri mwaka huo, na mshambuliaji wao alikuwa Wolfgang, yule mtoto wa mgongoni, kitinda mimba wa Mama Sylvanus.

Mwenyekiti wa timu, Sosthenes, akaja kwenye karakana yangu. Alikaa juu ya tairi, akanitazama kama mgonjwa anavyomtazama mganga.

"Baba Edda, wewe ndiye dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya mama mkwe wako. Shika kibendera upande anaokaa yeye. Mkwe wake hawezi kumtukana."

"Mimi siwezi kusimama mbele ya watu."

"Hutasimama. Utakuwa unakimbia."

Singe walinikubali kwa kuwa naishi kwao. Mutuka walinikubali kwa kuwa nimeoa kwao. Mwalimu Octavian, aliyekuwa refa, alinifundisha sheria kwa jioni mbili akitumia spoku na gololi za baiskeli. Josephine alinishonea kibendera kwa kitambaa chekundu cha pazia la zamani.

Mechi ya kwanza, Mama Sylvanus alifika na kigoda chake, mfuniko wa sufuria na mwiko wa kuupigia. Akaniona. Akajifunika kichwa, akaupakata mfuniko mapajani kama mtoto mchanga, akanyamaza dakika tisini. Uwanja mzima ulimshangaa. Mechi ya pili vilevile. Mechi ya tatu alikuwa anatafuna pindo la khanga, machozi yanamtoka, watu wakadhani amefiwa.

Fainali ilikuwa Mutuka na Singe. Kipindi cha kwanza nikanyoosha kibendera, mpira umetoka. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe kitambaa!"

Niligeuka nusu.

"Mkwe, samahani, endelea na kazi. Sisemi na wewe." Kisha akapaza sauti. "Wewe kitambaa chekundu! Nilikununua mwenyewe mnadani! Nikampa mwanangu akupambe dirishani! Leo umetoka dirishani unakuja kutunyima mpira? Huna macho, huna adabu, hata rangi umechuja!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Kila nilipokwenda alinifuata na kigoda, hatua tano nyuma, kichwa kimefunikwa, akikitukana kibendera na kuniomba radhi mimi. Josephine alikuwa upande wa pili. Nilimwona anapandisha mtandio mpaka puani, kama siku ile.

Dakika ya themanini na tisa, hakuna aliyefunga. Wolfgang akapewa pasi, akafunga. Mutuka wakamwagika uwanjani. Lakini nilikuwa nimeona. Wakati mpira unapigwa, Wolfgang alikuwa amewazidi mabeki wa Singe hatua mbili nzima. Nilitamani jua linipige nizimie. Nikanyoosha kibendera.

Nikasikia hatua za Mama Sylvanus, polepole. Akasimama ubavuni kwangu, anaangalia chini.

"Mkwe, naomba hicho kitambaa."

Mama mkwe akikuomba kitu kwa adabu, unafanyaje? Nilimpa kwa mikono miwili. Akapokea kwa mikono miwili. Akasema asante, akakiweka chini, akatandaza khanga, akakikalia.

Octavian alikuja mbio. Alikuwa ameona wekundu upande wangu, sasa hauoni. Mutuka wanadai goli, Singe wanadai mechi ivunjwe. Mtu wa kamati alikwishaitoa ile barua mfukoni. Sosthenes amejishika kichwa.

"Kibendera kiko wapi?" Octavian aliuliza.

Nilielekeza kwa kidevu. Octavian alimtazama Mama Sylvanus, akatazama mbingu.

"Mama, tunaomba kibendera."

"Kichukue."

Nilijua mwisho wa jambo hilo, nilikwisha kuuona. Nikajua pia kwamba Wolfgang angekaa miaka miwili bila kucheza. Nikainua mkono wangu mtupu juu, vidole vimenyooka, na nikasema kwa sauti ambayo hata mke wangu hajawahi kuisikia:

"Ameotea! Mechi iendelee!"

Mama Sylvanus alifungua mdomo. Kitambaa kilikuwa chini yake, hapakuwa na wa kutukanwa tena. Ulibaki mkono wa mkwe. Akaufunga mdomo.

Mechi iliendelea. Dakika za mwisho niliamua kwa mkono mtupu. Singe walishinda kwa penalti, wakachukua mbuzi, na timu ya Mutuka haikufungiwa. Mama Sylvanus alikaa palepale mpaka watu wakaisha uwanjani, kisha akakikunja kibendera, akaenda nacho. Sikukidai.

Mwaka jana aliugua. Tulikwenda kumwona, mimi nikakaa karibu na mlango kama inavyonipasa. Kwenye dirisha la chumba chake, kibendera kilikuwa kimetundikwa kwa misumari miwili, kinafunika nusu ya kioo. Josephine alipotoka kwenda kuchemsha uji, tulibaki wawili.

"Baba Edda," aliniita, anaangalia dirishani.

"Naam, mama."

"Hicho kitambaa kilisema kweli. Ila mkono wako, mkwe, ungeweza kuchelewa kidogo."