Raonaid, mhudumu wa wazee aliyekataa kuwa mkalimani

Saa moja na nusu asubuhi, upepo wa Machi unausukuma mlango kana kwamba nao unataka chai. Raonaid NicCuithein anaufunga kwa nyonga, anavua koti la mvua, na kabla hajamwona mtu anaita: "Fearchar! Mmeamkaje?"

"Nimeamka, nikajuta," sauti inajibu kutoka chumbani.

Raonaid anacheka. Ana dakika thelathini za kumwosha mzee, kumvisha, kumpa uji wa oti na dawa. Baada ya hapo zinamngoja nyumba nyingine sita za Geàrraidh an Tobair, kijiji cha nyumba arobaini na tatu kisiwani Uist, Uskoti. Ana umri wa miaka arobaini na minne, na kumi na sita kati ya hiyo ameimaliza kwenye kazi hii.

Anaposema "mmeamkaje" hajakosea hesabu. Kwa Kigaeli, lugha ya asili ya kisiwa hiki, mzee huambiwa "ninyi", hata akiwa peke yake kitandani na soksi moja mguuni. "Wewe" ni ya watoto, ya wenzako na ya mbwa.

Fearchar ana miaka themanini na saba na amechunga kondoo maisha yake yote. Novemba ya mwaka juzi kiharusi kilimwangusha zizini. Alipozinduka, Kiingereza chote alichokijua tangu shuleni kilikuwa kimekwenda, hata neno "asante" halikubaki. Kigaeli kilibaki kizima. Alikumbuka majina ya kondoo wa baba yake na jina la kila jiwe lililo njiani kwenda mlimani.

"Nilisimama kando ya kitanda nikamsikiliza," anasema Raonaid. "Nyumba imebomoka, halafu unakuta msingi wake ni mwamba. Na watu walikuwa wakituambia lugha hii ni ya moshi na kondoo!"

Ila mwamba huo binti wa pekee wa Fearchar hakuwa na pa kuukanyagia. Dolina, mwenye miaka hamsini na sita, alilelewa kwa Kiingereza kitupu. Baba yake alichapwa shuleni kwa kusema lugha ya mama yake, akaapa mtoto wake hatachapwa. Dolina aliacha kazi ya benki Glasgow, akarudi kumtunza mtu asiyeweza kuzungumza naye.

"Mbwa wa baba anajua Kigaeli kuliko mimi," Dolina alisema siku hizo. "Akiambiwa lala, analala. Mimi nasimama tu."

Kiharusi kilikuwa kimeifuta hata sura ya binti yake, na kila asubuhi Fearchar alimkazia macho na kumuuliza swali ambalo kila mgeni huulizwa huku kabla ya jina lake: "Wewe ni wa nani?"

"Anasemaje?" Dolina aliuliza.

"Anauliza wewe ni wa nani."

"Basi mwambie."

Raonaid alimwambia, na mzee akafurahi. Lakini alimgeukia Raonaid, akamshika mkono Raonaid. Ikawa hivyo miezi mitano.

"Nikaona ninaiba," anasema. "Neno ni la binti, shukrani nazichukua mimi."

Asubuhi moja ya Aprili mwaka jana akakataa. Dolina aliwaka. "Umeletwa hapa kusaidia!"

"Nimeletwa kumwosha. Ukalimani siutaki tena. Jibu mwenyewe."

"Kwa lugha gani, Raonaid? Niliyonyimwa?"

"Hiyohiyo. Njoo hapa kwenye sinki."

Siku hiyo wakaanza, mikono ndani ya maji ya vyombo, dakika nane kila asubuhi. Dolina alilia, alitukana, alitamka maneno kama mtu anayetafuna kokoto. "Koo lako limelala benki!" Raonaid alimtania. "Liamshe!"

Hasira hiyo Raonaid anaijua, maana hata yeye aliwahi kuikimbia lugha aliyopewa na bibi yake. Wenzake shuleni walimwambia ananuka moshi, akawa anaisema kama anayekula kwa kujificha. Alipokua akaona jambo lililomuuma zaidi. Watu kumi na wawili wakikaa kwa Kigaeli, akaingia mmoja asiyekijua, wote kumi na wawili huhamia Kiingereza. Hakuna anayewalazimisha.

"Wanaona aibu kumwacha mgeni nje ya mazungumzo," anasema, na sauti inapanda. "Tumeizika lugha yetu kwa adabu! Kijiji kizima, mimi nikiwemo."

Wiki ya tatu, Fearchar akiwa amekaa kitini, alimtazama binti yake. "Wewe ni wa nani?"

Raonaid aligeukia sinki. Dolina akajikaza, akatoa jibu la Kigaeli: "Wako."

Mzee alipiga mkono wa kiti. "Wako? Wako! Tangu lini mtoto wangu ananisemesha kama mbwa wa kondoo? 'Wenu'! Sema 'wenu'!"

Uji ukaungua. Hakuna aliyeusogelea. Raonaid alikuwa amemfundisha majibu yote mawili, na kwa woga Dolina alishika lisilo lake. Lakini mzee asingedai heshima ya mtoto kutoka kwa mgeni; alikuwa amemtambua.

"Wenu, baba," Dolina alisema. "Mimi ni wenu."

"Haya. Sasa umelelewa," Fearchar alijibu, akaomba chai.

Kesho yake alimuuliza tena, na keshokutwa pia. Ugonjwa haukurudi nyuma. Tofauti ni kwamba sasa jibu lina mwenyewe, na mkono unaoshikwa ni wa Dolina.

Habari hizo zilipita jikoni hadi jikoni. Wahudumu wa wazee upande huu wa kisiwa ni kumi na mmoja, na wanaojua Kigaeli ni watatu. Kuanzia Septemba Raonaid atawafundisha wengine kila Jumatano katika ukumbi wa kijiji. Watano wamekwisha kuandika majina, na Dolina ameomba kupika.

"Hata mimi nitazeeka," anasema akivaa koti. "Kiingereza kitanikimbia, maana kwangu kilikuja kama mpangaji tu. Namtaka atakayeingia siku hiyo kunifunga vifungo aniambie 'ninyi'. Akiniambia 'wewe', nitamgombeza mpaka ajue yeye ni wa nani."