Ufunguo wa Akiba Uliofungiwa Ndani

Jumamosi asubuhi, sokoni Otonglo, nilimkuta mwanamume wa makamo amesimama kando ya pikipiki kubwa ya safari, ile isiyo na tundu la ufunguo. Huwaka ikihisi kidude kilichomo mfukoni mwa mwenyewe, na betri ya kidude hicho ilikuwa imekufa. Wakwe zake watarajiwa walikuwa wakimngoja Port Victoria kwa chakula cha mchana, na hawakuwa wamewahi kumwona.

"Yangu nawasha na teke moja tu, Bwana!" mwendesha bodaboda mmoja alimtania.

Mama mmoja aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapo karibu akamuuliza, "Baba, ufunguo wa pili huna?"

"Niko nao, Mama. Uko ndani ya hilo sanduku la nyuma."

"Na sanduku linafunguliwa na nini?"

Mwanamume alikitazama kile kidude kiganjani.

Mama hakucheka. Aliipindua mizani yake ndogo ya umeme, akatoa kibetri bapa mfano wa sarafu. "Jaribu hii. Leo nitapima na mkebe wa gorogoro."

Pikipiki ikanguruma. Mwanamume alinyoosha mikono yote miwili kumshukuru, lakini mama alimpungia kama anayefukuza kuku. "Enda! Wakwe hawangojangi."

Nilimcheka yule mwanamume kimoyomoyo njia nzima. Nilipofika nyumbani, niliutoa ufunguo wa akiba wa mlango wangu wa mbele kwenye droo ya chumbani, nikaupeleka kwa jirani.