Ulimi wa Mwonja Maji

Kunegunda alikuwa na miaka sita alipoanza ugonjwa wake wa maji. Mama yake ndiye aliyeuita ugonjwa. "Watoto wa wenzangu wanakula udongo," alilalamika kwa majirani, "wa kwangu mimi anakula mto."

Jina la Kunegunda alilipata ukubwani, kwa wamisionari. Jina alilozaliwa nalo alilizika mwenyewe, basi na sisi tusilifukue. Utotoni, katika kijiji chao kati ya mito ya Luhira na Ruhuwiko, si mbali na boma la Wajerumani la Songea, alijulikana kwa jina moja tu: Mwonja Maji.

Wenzake walipokwenda kuchota walijaza mitungi wakarudi. Yeye aliuweka mtungi chini, akachota kiganja kimoja, akayafungia maji chini ya ulimi na kufumba macho kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Kisha akakwambia. Maji ya vijito vya milima ya Matogoro yalikuwa na ladha ya jiwe, yakiuma kidogo kwenye meno. Ya Ruhuwiko yalikuwa matamu lakini mepesi, hayakai mdomoni. Ya Luhira, pale chemchemi inapotokea penye matete, yalikuwa na kitu kama jembe jipya ukililamba, na nyuma yake majani yaliyooza. Msidhani alibuni. Aliwahi kulilamba jembe ili ahakikishe, akachanika mdomo, na mama yake akamwongezea makofi mawili juu ya jeraha.

Pembeni mwa kitanda cha mama alikuwa na vibuyu vidogo kumi na tisa, kila kimoja kimezibwa kwa gunzi la hindi na kukatwa alama kwa kisu. Ole wake mgeni aliyevigusa kwa kiu. Mtoto yule alikuwa mpole kwa kila jambo, lakini kwa vibuyu vyake angeweza kumng'ata hata mjumbe wa boma.

Baba yao alikuwa amekwisha kufa, na kaka yake, aliyemzidi miaka kumi, ndiye alikuwa baba. Jina la Alfani alilitoa kwa wafanyabiashara wa pwani aliowabebea mizigo hadi Kilwa. Alirudi nalo pamoja na kanzu moja, akakataa kuvivua vyote viwili. Watu wote walimcheka mdogo wake, isipokuwa yeye. Alfani aliuchukulia ugonjwa ule kama kazi ya heshima. Kila mto aliouvuka safarini alichota kibuyu kidogo, akakifunga kiunoni, akakibeba juu ya mzigo wa watu ambao tayari ulimkata mabega. Hivyo ndivyo msichana asiyewahi kulala nje ya kijiji chake alivyoujua Muhuwesi wa Tunduru na Mbwemkuru wa karibu na Kilwa.

Alfani akifika alimjaribu. Alibadilisha vizibo, akachanganya vibuyu nyuma ya mgongo, akaita vijana wenzake washuhudie. Mdogo wake alionja, akataja. Alionja kingine, akataja. Mara moja tu alimshinda, alipomletea maji ya bahari, na msichana akayatema yote juu ya ile kanzu. Vijana walianguka kwa kicheko. Alfani hakukasirika. "Mnaona?" alisema akijipangusa. "Hata asiyoyajua anajua kwamba hayajui. Huu ulimi wa mlongo wangu haukosei." Mlongo ndivyo Wangoni wanavyomwita ndugu, na Alfani alipolitamka neno hilo, msichana alijiona mrefu kuliko mtama.

Sasa sikilizeni jinsi ulimi ulivyoanza kumponza.

Alikuwa na miaka kumi shangazi yake mdogo alipoolewa. Wakwe walikuwa watu wa kujisikia, wakataka bibi harusi apande Matogoro alfajiri na kuleta maji ya kunawa mkwe, waone kama si mvivu. Shangazi alichelewa kuamka. Akakata shauri, akachota Luhira penye matete, akajikalisha kichakani mpaka jua lilipopanda, kisha akaja akihema kwa mbwembwe. Wakwe wakamshangilia. Mwonja Maji, aliyekuja na wasindikizaji, akatia vidole viwili katika mtungi, akalamba, akasema mbele ya wote kwa sauti ya mtu anayesaidia: "Haya si ya Matogoro. Haya ni ya Luhira, pale penye matete."

Kwanza walicheka. Kisha mama mkwe akamtazama bibi harusi miguuni, akaona tope jeusi la Luhira, na kicheko kikaisha. Kabla ya mwezi kuandama shangazi alirudishwa kwao, na hakuolewa tena.

Mama alisaga pilipili, akampaka mtoto ulimi wote. "Kuanzia leo maji ni maji," akamwambia. "Hujui yametoka wapi. Apa kwa kaburi la baba yako." Msichana akaapa huku machozi na mate yakimtiririka. Akakishika kiapo chake kwa watu wote isipokuwa mmoja, maana Alfani aliendelea kumletea vibuyu kwa siri, na kwake aliendelea kutaja. Kumbukeni hilo. Kunegunda mwenyewe hakulisahau.

Mwaka 1905, baridi ya Ungoni ikielekea kwisha, dawa ikafika. Habari zake zilikuwa zimetangulia: huko mashariki watu wamepata maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Hapakuwa na haja ya kumshawishi Alfani. Alikuwa amekwisha pigwa hamsa ishirini bomani, viboko ishirini na tano, kwa kuchelewa kazi ya barabara, na mgongo wake ulikuwa umefanya makovu ambayo mdogo wake aliyapaka mafuta kila jioni.

Aliyekuja kijijini kwao hakuwa mkubwa wa dawa. Alikuwa mjumbe wa mjumbe, mtu mwembamba mwenye miguu iliyopasuka, na kibuyu kikubwa begani. Akasema maji yametoka mbali, kwenye mto wa mzimu, mwendo wa siku nyingi. Akataja miiko yake, na mwiko wa mwisho akautamka polepole: atakayeyatilia shaka maji haya, hata kwa neno moja, atakuwa ameivunja nguvu, na risasi itampata mtu wa nyumbani mwake.

Watu wakapanga mstari, wanaume kwanza, kisha wanawake na watoto. Kila mmoja alinyunyiziwa na kunyweshwa funda moja. Zamu ya Mwonja Maji ikafika. Juu juu palielea mafuta ya mbarika na unga wa mtama. Lakini ulimi ukafanya kazi yake bila kuombwa, ukapita mafuta, ukapita unga, ukafika chini. Jembe jipya. Na nyuma yake, majani yaliyooza.

Akameza. Akamtazama mjumbe, na hata siku ile hakumwona mwongo. Safari ilikuwa ndefu, watu wengi, kibuyu kimoja. Pengine kilimwishia njiani, akaona haya kusema, akajaza pale alipopata. Pengine aliamini kwamba tone moja la kale linatosha kuyabariki mapya. Lakini maji yale yalitoka pale alipochota shangazi yake, na yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, na alijua.

Jioni ile Alfani alimkuta nyuma ya ghala akipepeta ulezi. Alikuwa bado na unga wa dawa kwenye paji la uso, na uso wenyewe uling'aa kama siku aliporudi na kanzu. Akachuchumaa karibu naye.

"Mlongo wangu, umeyaonja."

"Nimeyaonja, kaka."

"Niambie mimi. Ni ya wapi?"

Ungo ukasimama mikononi mwake. Angeweza kusema. Kiapo cha mama hakikumhusu Alfani, hakijawahi kumhusu. Lakini alifikiri: nikisema ni ya Luhira nitakuwa nimelitamka lile neno moja, na pengine dawa ni ya kweli, wajuao ni wakubwa, na risasi itampata huyu, naye hana kosa. Akakumbuka pia tope la miguuni mwa shangazi, na vile nyumba nzima ilivyoharibika kwa ulimi wake.

"Ya mbali, kaka," akasema. "Sijawahi kuyaonja."

Alfani akacheka kwa furaha, akampiga kofi dogo begani, akaenda kunoa mkuki. Msichana akaendelea kupepeta. Alidhani amemlinda.

Vita vya Ungoni havikuwa virefu. Kwenye pambano la kwanza, Namabengo, watu waliona kwamba risasi ni risasi. Wiki chache baadaye, alfajiri, wapiganaji waliokuwa wamekusanyika Lumecha walishambuliwa kwa bombomu, ile bunduki isiyopumua, na Alfani hakurudi. Kisha zikaja siku za kunyongwa watu, na kuchomwa maghala, na njaa. Mama alikufa kwa njaa hiyo mwaka uliofuata. Nyumba iliteketea na vibuyu vyake ndani, na Mwonja Maji hakwenda kutafuta hata kimoja majivuni. Tangu hapo alikunywa maji kwa haraka, akiyapitisha koo kabla ulimi haujapata la kusema.

Aliokotwa na wamisionari pamoja na watoto wengine wasio na watu, akabatizwa, akakua, akaolewa na Hironimus. Huyu alikuwa rafiki wa Alfani, mmoja wa wale vijana walioshuhudia michezo ya vibuyu, na goti lake la kulia halikukunjika tena tangu Lumecha. Alikuwa mtu mwema, mwenye maneno mengi. Wanasema majuto ni mjukuu, huja nyuma. Ya Kunegunda yalimwahi hata kabla hajapata mtoto.

Ilikuwa mavuno yao ya kwanza, wakipukuchua mahindi uani, na Hironimus akaanza kuhadithia kama kawaida yake.

"Unajua pale Lumecha wengi wetu tulitaka kutoroka? Tulishasikia ya Namabengo. Mimi nilikwisha funga mzigo wangu. Alfani akatuzuia. Akasema, wale wa Namabengo walivunja miiko, dawa yenyewe ni ya kweli, mlongo wangu ameyaonja, na ninyi mnaujua ulimi wake. Loo, tukakumbuka vile vibuyu! Nikafungua mzigo. Tulikuwa kumi na mmoja, tukabaki wote." Akatupa gunzi, akatabasamu kwa huzuni. "Wewe ndiye uliyetupa moyo, mke wangu. Sijawahi kukushukuru."

Katika wale kumi na mmoja alirudi yeye tu. Kunegunda aliendelea kupukuchua mpaka ngozi ya kidole gumba ikatoka, na hakusema kitu siku ile, wala mwaka ule, wala uliofuata. Mume akimsifu, alinyanyuka kwenda kutazama moto. Alimpikia vizuri, alimkanda goti, alimwoshea nguo, na kila alipomwona akichechemea kwenda shambani aliona aibu ya mwizi anayekula mezani kwa aliyemwibia.

Miaka mitano baada ya Lumecha walimpeleka binti yao wa kwanza, Notburga, kubatizwa katika kanisa dogo la nyasi. Padri alikuwa amekuja kwa safari, na katekista alikuwa amechota maji asubuhi hiyo pale alipoona karibu. Padri akamimina, mtoto akalia, na Kunegunda akampangusa uso kwa vidole. Kisha, bila kufikiri, akavilamba vile vidole viwili.

Jembe jipya. Na nyuma yake, majani yaliyooza.

Watu walidhani analia kwa neema, na katekista akafurahi sana. Njiani kurudi, jua likiwa kichwani, Hironimus aliketi juu ya gogo kupumzisha goti, na Kunegunda akabaki amesimama mbele yake na mtoto mgongoni.

"Ile dawa," akasema, "ilikuwa maji ya Luhira. Penye matete. Nilijua siku ile ile."

Hironimus akalipapasa goti lake, akitazama upande wa mto.

"Ulikuwa mtoto," akasema mwishowe. "Ungesimama useme vile mbele za watu, wangekuua. Nisingekusikiliza hata mimi. Tulikuwa na hasira, Kunegunda. Tungekwenda hata kwa maji ya mvua."

"Sikuwa mbele za watu. Aliniuliza tukiwa wawili."

"Basi na yeye angekwenda tu. Mgongo wake uliuona."

"Labda," akasema Kunegunda.

Hironimus akaushika mkono wa mkewe, akajiinua, wakaendelea na safari polepole, kwa mwendo wa lile goti. Hakumlaumu, siku ile wala baadaye, na wala hakuwahi tena kuhadithia habari za Lumecha. Alikuwa amempa mkewe msamaha wote aliokuwa nao. Lakini kuna jambo moja Hironimus hakuweza kumsamehe kwa niaba ya mwingine, na Kunegunda alilibeba mpaka uzeeni: kijiji kizima kilimcheka, mama alimpaka pilipili, lakini Alfani hakuwahi kuutilia shaka ulimi wake hata mara moja. Hata jioni ile, nyuma ya ghala.