Siku Bibi Alipoipata Unguja

Juzi nilipita Thornton Heath, kusini mwa London, nikaona juu ya duka lililofungwa kibao cha zamani chenye namba ya simu inayoanza sifuri-moja-nane-moja. Nikacheka peke yangu. Wewe mwenzangu uliyekulia London miaka ile utakumbuka namba hizo zilivyotuhangaisha zilipobadilishwa.

Mimi na mama tulikaa na bibi, mzaa mama. Simu ilikuwa ukumbini, imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Ijumaa nikirudi skuli nyumba ilinukia mkate wa kumimina, na bibi ameshakaa kitini akingoja dada yake apige kutoka Unguja. Hawakuwa wameonana tangu bibi alipokimbia kutoka huko na mama yangu mgongoni. Kilichobaki baina yao kilikuwa sauti ya Ijumaa.

Kisha London ikabadilisha namba za mwanzo, ikawa sifuri-mbili-sifuri, halafu nane. Baada ya muda simu ya Ijumaa ikakoma. Mama akijaribu kupiga, anajibiwa na sauti ya kike iliyorekodiwa: namba haipatikani.

"Mwanamke huyu ana ulimi wa asali," bibi alisema, "lakini hana habari njema hata moja."

Mama akaanza kunong'ona kuwa pengine dada yake bibi ameshafariki. Bibi akaacha kupika mkate.

Aliyetufungua macho ni jirani yetu, Mhindi mwenye duka, mzaliwa wa Unguja. "Mama, na kule wamebadilisha namba za mwanzo," alimwambia bibi. "Hamsini na nne haipo tena. Sasa ni ishirini na nne, na ukipiga kutoka huku, ile sifuri ya mbele uiache."

Nikanyoosha mkono nimpigie. Bibi akaushika. "Niachie. Dada ni wangu."

Akabonyeza taratibu, akiitamka kila namba. Mara ya kwanza aliitia ile sifuri, akakata. Mara ya pili akampata mwanamume asiyemjua. Akamsalimia, akamuuliza kama mvua zimenyesha, akamuaga. Akabonyeza tena.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Miye."

Dada yake akapaza sauti hadi sote tukasikia: "Kila Ijumaa napiga, najibiwa Kizungu. Nikajua mmekwisha."

"Hatumaliziki upesi hivyo," bibi akasema, machozi yakimtiririka. "Hebu shika namba yetu mpya."

Alipoweka simu alipiga vigelegele hadi jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna harusi. Nikamfasiria jibu la bibi: ni kubwa kuliko harusi. Akavutwa ndani, akapewa chai.

Tangu siku hiyo bibi hakumwachia mtu ampigie. Namba ile ya Unguja aliitamka kama mtu anayeita mwanawe.

Ametangulia sasa, na dada yake pia. Siku hizi tunagusa picha ya mtu, naye anaitika papo hapo, awe Barking, hapa hapa London, au Pemba. Namba za watu hatuzijui tena. Simu zinapokelewa kutwa kucha, na sijasikia mtu akipiga kigelegele.