Uso wa Kishiwa

Mara ya kwanza kuigiza na Kishiwa Doto, mimi nilikuwa maiti. Nililala chini kwenye uwanja wa kijiji cha Lumuma, siku ya gulio, nimefunikwa shuka jeupe, na yeye alikuwa mjane wangu. Kwa hiyo mengi ya siku ile niliyasikia tu, sikuyaona.

Wazazi wake walihamia kijiji cha Ulaya, wilayani Kilosa, na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, Kishiwa akiwa na miaka saba, hajui Kiswahili zaidi ya kuomba maji. Darasani walimcheka. Akaamua kujifunza kwa kumwiga mwalimu wake, mwalimu Agnesi, ila hakuiga maneno peke yake. Alimwiga mzima mzima, pamoja na kikohozi chake, namna anavyoshika chaki na ule mkono mmoja kiunoni. Siku moja mwalimu alirudi ghafla akamkuta mbele ya ubao, wenzake hoi kwa kicheko. Kishiwa akaanza kulia.

"Nani kakwambia uache?" mwalimu Agnesi aliuliza, akaketi kwenye dawati la nyuma. "Endelea. Nataka kujiona."

Alipomaliza shule alijiunga na kikundi chetu cha sanaa pale Kilosa mjini. Kiongozi wetu alikuwa mzee Bonifas, mstaafu wa reli. Tulizunguka vijijini kwa baiskeli na michezo ya kipindupindu, ya mimba za utotoni, na mwaka ule, ya ugomvi wa wakulima na wafugaji. Katika mchezo huo mkulima anauawa baada ya ng'ombe kula mahindi yake. Kishiwa, binti wa wafugaji, aliomba kuwa mjane wa mkulima.

"Watasema unawadhihaki," mzee Bonifas alimwonya.

"Basi nitajifunza mpaka wakose la kusema."

Alikwenda kukaa wiki tatu kwa mama mmoja wa Lumuma aliyefiwa na mumewe. Alilima naye, akapika naye, akaangalia anavyofunga kanga na anavyonyamaza.

Siku ya mchezo wakulima walikaa upande huu wa uwanja, wafugaji upande ule, na katikati pakabaki nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Mimi chini ya shuka nilisubiri kilio, maana mazoezini Kishiwa alikuwa akilia kwa sauti. Hakulia. Nilihisi ananivua kiatu kimoja, halafu cha pili. Nikasikia anavipangusa tope kwa upindo wa kanga, taratibu, kama mke anayemwandaa mumewe kwa safari ya kesho. Uwanja ulitulia hata nikasikia mbuzi wa mtu akicheua.

Kisha nikasikia hatua. Mtu aliketi karibu na kichwa changu, akahema kama wanavyohema wazee, akasema, "Pole, mwanangu. Pole sana."

Haikuwa sauti ya mwenzetu yeyote. Akaja wa pili, na wa tatu. Halafu sauti ya mama mwingine kutoka upande ule, Kiswahili chake kimejaa Kisukuma: "Sogeeni kidogo, na mimi nikae."

Mzee Bonifas aliniambia baadaye kwamba wanawake wapatao arobaini walikaa chini kumzunguka Kishiwa, wa pande zote mbili, na yeye pembeni na karatasi zake hakujua afanye nini. Kishiwa hakutoka ndani ya yule mjane hata kidogo. Aliwapokea mmoja mmoja, akawajibu pole zao. Na mimi, mzima wa afya, nilikuwa nimelala pale machozi yakiniingia masikioni, siwezi kujifuta kwa sababu nimekufa.

Sisemi ugomvi uliisha siku ile. Haukuisha. Nasema nilikuwepo.

Mwaka uliofuata watu wa filamu kutoka Dar es Salaam walikuja Mikumi. Walimpa Kishiwa nafasi ya muuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu, maneno matatu basi. Alipomtazama dereva wa lori akiondoka, mwongozaji alisahau kusimamisha kamera. Walipomaliza kazi, waliondoka naye.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mama mkwe katili kwenye tamthilia ya televisheni. Aliporudi Kilosa kusalimia, bibi mmoja sokoni alikataa shikamoo yake.

"Siitikii mpaka umrudishe yule binti kwa mumewe."

Kishiwa akapiga magoti palepale. "Nitamrudisha, bibi. Nipe mpaka mwezi ujao."

"Haya. Marahaba."

Miaka minne iliyopita, asubuhi moja akipiga mswaki, maji yalimmwagika upande wa kushoto wa mdomo. Akatazama kioo. Nusu ya uso haikumtii. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu, huenda ungepona, huenda usingepona. Miezi ikapita. Kwenye tamthilia wakamwandikia ajali na mazishi. Akarudi kwao kijijini Ulaya, akawa anajifunika mtandio hata ndani ya nyumba.

Nilikwenda kumwona pamoja na mzee Bonifas.

"Kaka Gabrieli," aliniambia, "fundi cherehani ana cherehani. Mimi nilikuwa na uso. Umeharibika."

Mzee Bonifas akasema, "Vua huo mtandio." Akamtazama kulia, akamzunguka, akamtazama kushoto. "Mbona hapa wapo wanawake wawili? Zamani ulikuwa unanipa mmoja."

Kishiwa hakucheka. Ila kesho yake alinipigia simu kuuliza ukumbi wa Kilosa unapatikana lini.

Alicheza peke yake. Akituonyesha upande wa kulia alikuwa mke kijana, mchangamfu, anacheka na macho. Akigeuka, alikuwa mama mkwe, uso mgumu usiosogea. Waligombana saa nzima na watu walivunjika mbavu. Kisha ikaja habari kwamba kijana wao, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, amefariki safarini. Mke alipiga kelele. Kishiwa akageuka, na mama akatutazama bila mkunjo wowote, uso uleule, na lile jicho lisiloweza kufumba likatiririka machozi. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji mmoja mbele yangu alivua miwani, akabaki ameishika tu.

Sasa jicho linafumba, na mdomo umerudi kidogo. Filamu zimemtafuta tena. Mwongozaji mmoja alipotaka kumpiga picha upande wa kulia pekee, Kishiwa alimwambia atafute mwigizaji mwingine. Siku mbili baadaye mwongozaji alimpigia kuomba radhi, na mwezi uliopita walimaliza filamu hiyo Mikumi. Mimi nilicheza jirani. Nimeigiza miaka ishirini na mitatu, na nikisimama hatua mbili kutoka kwake bado sioni anavyofanya.