Pale Kwa Farasi

Majuzi nilikwenda Mpwapwa kwenye msiba wa jirani yetu wa zamani. Pale stendi nikamwambia dereva wa bodaboda anipeleke upande wa korongoni, ng'ambo ya zahanati. Akauliza, "Unashukia Kwa Farasi, mama, au unaendelea mbele?"

Nilishtuka mpaka nikasahau kupanda. Nikamuuliza kwa nini wanapaita hivyo.

"Kwa kweli sijui. Nadhani kulikuwa na mzee anaitwa Farasi."

Hakukuwa na mzee yeyote. Kulikuwa na farasi, watatu, na walikuwa wetu. Ngoja nikusimulie, maana tuliobaki tunaolijua jambo hili ni wachache.

Baba alikuwa dereva wa lori, mama nesi wa zahanati. Tulipanga vyumba viwili karibu na soko, mahali ambapo mashine ya kusaga ilikuamsha kabla jogoo hajawika. Nje ya mji aliishi mzee wa Kizungu aliyefuga farasi. Baba alikuwa akimpelekea pumba na majani, na siku asipokuwa na safari alibaki kulekule akiwaogesha na kuwapiga brashi. Alirudi nyumbani akinuka jasho la farasi na uso umemchangamka. Mzee yule alipochoka, watoto wake wakamwita kwao. Farasi hawakupata mtu wa kuwachukua. Akamwambia baba, "Chukua wewe. Wanakujua."

Baba alituletea habari hiyo kama mtu anayetubu. Mama alikuwa anapepeta mchele, na hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Tangu nizaliwe nimefanya yaliyo lazima tu," alisema. "Hili nalitaka."

Ndivyo tulivyohamia shamba la marehemu babu, kwenye nyumba ya tembe isiyo na bomba wala umeme, wote wawili wakiendelea na kazi zao za mshahara.

Siku farasi walipofika, kina mama waliokuwa wanatoka kisimani walitua ndoo zao barabarani wakabaki wameziba midomo. Mchunga mbuzi mmoja alipanda juu ya kichuguu. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na farasi nilikuwa nimemwona kwenye picha ya kitabu tu, nikidhani ni punda aliyechanwa nywele. Yule dume mwekundu aliponisogelea na kunipumulia utosini, pumzi ya moto kama mvuke wa sufuria, nilijikojolea.

Bibi, mama yake baba, alikuja kesho yake kutoka kijijini kwake. Aliwazunguka kwa mbali, mkono kiunoni.

"Shikamoo mama," baba alisema.

"Marahaba. Hawa wanakamwa?"

"Hapana, mama."

"Wanaliwa?"

"Hapana."

"Watalima?"

"Hawajafundishwa kulima, mama."

Bibi akakaa chini palepale kwenye vumbi. "Basi hukuleta mifugo, mwanangu. Umeleta wageni."

Na kweli tuliwahudumia kama wageni. Kabla ya shule nilizoa kinyesi kwa koleo, nikawapelekea maji kwa ndoo mbili mbili. Walikula mabua ya mtama, na sauti ya kutafuna kwao, nzito na isiyo na haraka, ndiyo niliyoisikia kwanza nikifumbua macho. Sisi tulikula ugali wa uwele na mlenda, na harufu ya banda iliingia mpaka kwenye chakula. Dume tulimwita Bwana Harusi, kwa sababu baba alipanga kumkodisha kwenye harusi. Jike mweusi tulimwita Shangazi, maana alimtazama kila mtu kama amekosea. Wa mwisho, wa kijivu, alikuwa Mawingu.

Lakini aliyewashangaza watu kuliko farasi wenyewe alikuwa mama. Zahanati ilikuwa mbali, na asubuhi moja alivaa suruali ya baba ndani ya sare yake nyeupe, akajifunga kitenge, akampanda Mawingu akaenda kazini. Watu walitoka majumbani. Mwalimu wetu aliacha gwaride la asubuhi akasimama getini na fimbo yake. Jirani, mwanamke wa kanisani aliyetuuzia maziwa, alimfuata bibi, ambaye siku hizo alikuwa kwetu, akilia: "Mkweo anatuaibisha! Mke wa mtu, mguu huku, mguu kule!" Bibi alimjibu kwamba yeye amekwisha kushtuka, akiba yake yote ya mishtuko imeisha. Baadaye wajawazito wa vijiji vya jirani walianza kumwulizia kwa jina moja tu, nesi wa farasi. Korongo lilipojaa maji na pikipiki zikashindwa, yeye alivuka.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha kama haijawahi. Nyasi zilinifika kifuani. Kila mtu alicheka mwaka ule, hata bibi. Pamoja na nyasi wakaja usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, mawingu mawingu kila jioni. Tuliwapiga kwa kanga tukaendelea na maisha.

Asubuhi moja niliingia bandani na ndoo nikamkuta Bwana Harusi ameinamisha kichwa, nyama za juu ya macho zimevimba. Puani alitoa povu jeupe, jingi, kama sabuni ya kufulia. Nilikimbia kumwita baba. Adhuhuri akaanguka, mnyama mkubwa vile, na ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu. Daktari wa mifugo alikuja, akamtazama, akavua kofia. "Ni ugonjwa wao wa farasi. Wadudu ndio wanaoueneza. Akishaugua hivi, sina dawa." Jua halijazama, Shangazi naye akaanza kutoa povu. Hakuiona siku ya tatu.

Sijawahi kuona mtu akishtuka kama baba. Hakulia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatamu mkononi, akiniuliza mara kwa mara kama nimeshawapa maji.

Kisha watu wakaja. Walikuja na visu na sufuria, majirani zetu, watu tuliosalimiana nao kila siku. Nyama nyingi vile, nani angeiacha? Jirani wa maziwa alikuwa mbele. Mama alitoka bandani na sare yake, akasimama kati yao na mizoga.

"Hawa hawakuchinjwa," alisema kwa sauti ya zahanati. "Wamekufa kwa ugonjwa. Niliyemzalisha kati yenu, asogee kwanza, nimtazame usoni."

Hakusogea mtu. Halafu jirani wa maziwa akaweka sufuria chini. "Basi leteni majembe," alisema.

Walichimba hadi jioni, wanaume na wanawake, Waislamu na Wakristo, wakipokezana kwenye udongo ule uliolowa. Bibi alipika uji wa ulezi akawagawia mwenyewe. Shimo lilipofukiwa, jirani yule alimshika baba mkono, asimwachie mpaka giza. Ndiye huyo niliyekwenda kumzika.

Mawingu hakuugua, lakini aligoma kula mpaka baba alipomletea punda wawili wa kukaa naye. Hao punda wakawa ndio riziki yetu, wakiwasombea watu maji na mahindi, na mama aliendelea kumpanda Mawingu hadi alipostaafu. Mnyama yule alikufa kwa uzee, mimi nikiwa chuoni.

Sasa baba hayupo, bibi hayupo, na pale palipokuwa na banda pana nyumba za bati jekundu na duka la vocha. Korongo limejengewa daraja. Mama naishi naye Dodoma mjini, magoti yamekataa. Niliporudi kutoka msibani nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kuthubutu: kama angejua mwisho wake, angekubali kuwachukua?

Alinikazia macho kana kwamba nimemtukana.

"Mwanangu, nilikuwa natoka zamu nimechoka, pengine mikononi mwangu amefia mtoto. Nikifika kona ile, vichwa vitatu vinainuka juu ya ua kwa wakati mmoja, vinaniita." Akatazama dirishani, kwenye magari. "Wewe una gari, una nyumba. Ukirudi jioni, nani anainua kichwa?"