Ruban, volkano na waasi

Mimi, volkano ilikula nyumba yangu, waasi wakakula ng'ombe zangu kule Kiwanja. Kwa hiyo kitu kikiharibika siulizi tena: ninataja wenye kosa.

Juzi, kwenye depo yetu ya fromaji, yaani jibini, mashini ya etiketi ikatoa karatasi nyeupe tupu, na boti ya Bukavu ilikuwa inangoja mzigo. Nikamwambia patroni wetu, Mama Zawadi: "Waasi wanachezea kurant, huu umeme. Vumbi ya volkano nayo imeingia ndani. Na huyu Furaha wa kufunga mizigo aligusa mashini jana, ndiye ameimaliza. Umufukuze."

Furaha akaanza kufungua tabuliye yake, ile aproni ya kazi.

Mama Zawadi akafungua mashini. Akabandika etiketi, upande wenye gamu, kwenye ruban, ule utepe wa wino, upande unaogusa karatasi. Ikatoka nyeupe. Akabandika upande wa pili, ikatoka nyeusi.

"Ruban imewekwa kinyume. Nani aliibadilisha asubuhi?"

Nikageukia dirisha, nikaangalia volkano.

"Muzee," akasema Furaha, akifunga tabuliye upya, "waasi walipita wapi? Maana asubuhi tulikukuta hapa peke yako, na ruban mukononi."